Bamvua hujaa kwa saa sita, mwalimu: tuimbe mpaka lini?

Barua

Shangazi, shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na wote wa nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa muziki hapa Mombasa. Asubuhi nafunza kwaya na kinanda katika shule moja ya msingi ya kibinafsi; jioni na Jumamosi nina wanafunzi wa udi, ile ala ya nyuzi, na wa fidla nyumbani kwangu Tudor. Kazi hii naipenda na sijafikiria kuiacha, lakini tangu muhula huu uanze naingia darasani na mashaka ambayo sikuwa nayo.

Udi nilifunzwa na mzee mmoja wa Kibokoni, Mungu amrehemu. Nota alikuwa hazijui na hakuona aibu kusema hivyo. Kila kitu alikifunza kwa mfano. Risha, kile kidude cha kupigia nyuzi, akiniambia, ishike kama umeshika kipepeo: ukimbana amekufa, ukimlegezea ameruka. Nikipiga kwa nguvu husema, “Uzi uamshe, usiuzabe kofi.” Na nikikaribia mwisho wa ubeti, pale ambapo sauti haijatua, hunyanyua kidole: “Hapo mgeni amebisha hodi. Hajakaribishwa bado. Mwache mlangoni kidogo.” Mpaka leo nikifika pale mkono wangu husubiri wenyewe.

Nami nikawa nafunza hivyo hivyo. Kwaya ya shule tunaiandaa kwa tamasha za muziki, na kuna mahali ambapo wimbo unaanza kwa sauti ndogo, unakua, mpaka unajaza ukumbi. Nikawaambia watoto: “Ijae kama bamvua,” yale maji makuu ya bahari yanapojaa. Nikapiga kinanda, wakaimba, hakuna kilichojaa. Nikarudia, hakuna. Kijana mmoja wa Mtongwe, ambaye babake ni mvuvi, akanyanyua mkono kwa adabu zote. “Mwalimu, bamvua hujaa kwa saa sita. Tuimbe mpaka lini?” Darasa likaangua kicheko. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, aliyehamia kutoka Kitui mwaka huu, hakucheka, kwa kuwa hakujua bamvua ni kitu gani.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa na mwanafunzi wangu wa udi, binti wa miaka tisa. Nikamwambia, “Sasa panda juu.” Akapeleka mkono kwenye uzi wa juu kabisa, ule mnene, ukanguruma. Nikamwambia hapana, juu. Akautazama uzi, akanitazama mimi: “Si ndio huu ulio juu?”

Shuleni nina mwenzangu aliyemaliza chuo kikuu juzi juzi. Yeye asema tashbihi na istiara zina somo lake, nalo ni Kiswahili, si muziki. Asema mwalimu asiyeweza kutamka “anza kwa sauti ndogo, ongeza kwa mipigo sita” anajificha nyuma ya bahari. Haya ningeyameza, lakini juzi mzazi mmoja kaniandikia kwenye simu: “Mwalimu, nalipa mwanangu afunzwe muziki. Hadithi tunazo nyumbani.” Anataka mtoto akae mtihani wa gredi mwakani.

Shangazi, wewe umefunza fidla na kuimba miaka mingi. Niambie: niiache lugha hii ya mifano na nifunze kwa hesabu na nota peke yake? Nikiiacha naona kama namtupa yule mzee wangu. Nikiishikilia, naogopa nafunza kitu ambacho watoto hawakisikii.

Mwalimu, Tudor

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo kijana wa Mtongwe, kwa sababu nimempenda. Hakukufanyia utani. Ulimpa mfano wa kitu anachokijua kuliko wewe, akaupima, akauona haukai. Maji huchukua saa sita na dakika kadhaa kujaa. Wimbo wako wataka kujaa kwa pumzi mbili tatu. Kwaya ilifanya ulichosema: iliongeza sauti polepole hata pasiwe na mtu wa kusikia kwamba kuna kinachoongezeka. Wewe pengine kichwani ulikuwa na wimbi, au ulikuwa na yale maji yakishafika, yanapogonga miamba ya Mama Ngina. Wao ulichowapa ni bamvua.

Lakini usiitupe. Ina kitu ndani ambacho “ongeza kwa mipigo sita” ya mwenzako haina, nacho ni umbo. Mabaharia wana hesabu yao ya kukisia maji. Kimo chote cha kupanda hukigawa mafungu 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita fungu 1. Yaani mwanzo hayaonekani kusogea, katikati yanakimbia, saa ya tatu na ya nne peke yake hula nusu nzima ya kimo, halafu yanatulia kabla ya kusimama. Sasa waambie watoto: saa moja ni mpigo mmoja. Mpigo wa kwanza karibu hatusikii tofauti, wa tatu na wa nne ndio sauti inapokuja, wa tano na wa sita tunamalizia bila kupiga kelele. Wengi wakiambiwa waongeze sauti huongeza yote kwenye mpigo wa kwanza, wakafika wa nne hawana tena pa kwenda. Hesabu ya bamvua inawazuia. Na kazi ya kuieleza mpe kijana yule yule, asimame mbele aonyeshe kwa mkono maji yalipo kila saa, wenzake waimbe wakifuata mkono wake. Yule wa Kitui atakuwa ameonyeshwa bamvua na atakuwa ameimba, kwa dakika tano.

Umeona kwamba hapo mfano na hesabu vimekaa pamoja, havikugombana. Nitamrudia mwenzako baadaye.

Sasa swali lako kubwa. Mimi nadhani umechanganya vitu viwili vilivyolelewa nyumba moja, na si ajabu, sisi sote wa pwani tumekulia humo. Taarab yetu ya Mombasa ni ushairi kwanza. Nyimbo nyingi alizotia sauti mwimbaji Juma Bhalo ziliandikwa na mshairi Ahmad Nassir, na msikilizaji alikuwa akikaa kusubiri vina vitue ndipo aseme naam. Na ushairi huo umejaa mafumbo. Fumbo la taarab limetungwa lifiche. Huyu anaimbiwa ua, yule anaimbiwa nyoka, na ukumbini yuko mmoja anayejua nyoka ni nani. Atainuka na noti yake mkononi, atapita taratibu mbele ya anayemkusudia, atamtunza mwimbaji, na wengine tutabaki kuulizana. Hiyo ndiyo raha yake. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Mtoto aliye mbele yako si mjinga wa kufumbiwa, wala hajapata nafasi ya kuwa mwerevu. Mfano wa kufunzia lazima ufanye kinyume cha fumbo: uondoe kificho. Ukisema maneno na mtoto akabaki kuyagangua, umemwimbia taarab, hujamfunza.

Mzee wako wa Kibokoni alilijua hili hata kama hakuwahi kulisema. Isome tena barua yako. Alisema “mgeni amebisha hodi” wakati gani? Wakati kidole chako kiko kwenye uzi na sauti yenyewe inaning’inia hewani. Na nina hakika, bila kumjua, kwamba udi ulikuwa mapajani mwake, na kwamba alikuwa amekupigia pale mahali mara nyingi kabla hajazungumzia mgeni yeyote. Sauti ilitangulia. Maneno yalikuja nyuma kuitaja, ili uikumbuke. Wewe umechukua maneno ukaacha udi. Uliwaambia watoto bamvua, kisha ukapiga kinanda, na nadhani ulipiga nota za wimbo tu, hukuwaimbia kule kujaa wenyewe. Waimbie kwanza. Waimbie vibaya pia, kwa makusudi: mara moja yote ikiruka mwanzoni, mara moja ikibaki chini mpaka mwisho, mara moja inavyotakiwa. Wakishasikia tofauti, hapo ndipo mfano unapata kitu cha kushika.

Angalia madrasani, ingawa kisomo si muziki na sitaki barua za masheikh. Wanazuoni wengi wa tajwidi, elimu ya kuisoma Kurani kwa matamshi yake, wamehesabu mahali 17 pa kutokea herufi, kutoka kooni mpaka midomoni hadi puani. Ni maelezo ya mwili, hayana pambo. Hata hivyo, hakuna ustadhi anayemwachia mtoto yale maelezo akaondoka. Ataitamka herufi, mtoto ataikariri, atamrudisha, ataitamka tena. Wanafunzi wako wengi wamepita kwenye mafunzo hayo tangu wana miaka minne, masikio yao yamezoea kusikiliza mdomo wa mwalimu. Itumie hazina hiyo.

Kwa nini basi mfano uwepo kabisa, kama kusikia kunatosha? Kwa sababu ya mkono. Mwaka 2011 huko Marekani, Robert Duke na wenzake wawili waliwapa wanafunzi 16 wa muziki kipande kifupi cha kinanda. Mara waliambiwa waweke akili kwenye vidole, mara kwenye vibao, mara kwenye nyundo zinazogonga nyuzi ndani ya piano, mara kwenye sauti yenyewe. Walipokuja kupimwa kwenye kipande kinachofanana na kile cha kwanza, usawa wa mapigo ulikuwa bora pale akili ilipokuwa mbali na mkono, kwenye nyundo au kwenye sauti. Anayefikiria kidole hukikaza kidole. Sasa mrudie kipepeo wa mzee. Kukwambia “legeza kidole gumba, punguza nguvu ya kiganja” kungekupa vitu viwili vya kuchunga mwilini mwako. Kipepeo alikupa kimoja, nacho kiko nje yako, na vidole vikajipanga vyenyewe kumlinda. Mwenzako akisema mifano ni ya somo la Kiswahili, mwambie hii ni ya somo la mkono.

Mfano wa hodi nausifu zaidi ya kipepeo, na kama ningekuwa mtu wa kuiba mifano ya wenzangu ningeuiba. Kila mtoto wa Mombasa, awe Mswahili, Mgiriama, Msomali au Mhindi wa Makadara, ameshawahi kusimama mlangoni akasubiri kukaribishwa. Hahitaji kuelezwa. Tena una majibu ndani yake: hodi hudai karibu. Kwa hiyo unaweza kuupima palepale. Piga ule mstari unaoning’inia, nyamaza, waache watoto waimbe “karibu” kwa sauti wanayoona inatua. Watatua wengi wao bila kujua jina la nota, nawe utakuwa umeona kwa macho yako nani amesikia na nani bado. Mfano usiokupa njia ya kumpima mtoto una kasoro, hata uwe mzuri kiasi gani masikioni.

Binti wa udi hakukosa. Uzi mnene wa udi uko juu, karibu na uso wa mpigaji, ndivyo unavyopakatwa. Ukitaka sauti nyembamba mkono unateremka kwenye nyuzi nyembamba, na ukibaki uzi ule ule, kidole kinateremka kuelekea tumbo la udi. Kwenye kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, ni vingine tena: nyuzi ndefu, zile nene, ziko karibu na kifua cha mpigaji, na kupanda ni kwenda mbali naye. Kwenye kinanda kupanda ni kwenda kulia. “Juu” na “chini” za sauti ni istiara, ila tumeizoea mno hata tunaiona ni jina la kitu. Mtoto ambaye hajaizoea ndiye anayeiona.

Na wala si istiara ya dunia nzima. Wajemi husema sauti nyembamba na sauti nene, kama tunavyosema sisi tukizungumza bila kufikiria darasa. Mwaka 2013 watafiti waliwalinganisha wasemaji wa Kiholanzi, ambao husema juu na chini, na wasemaji wa Kiajemi. Waliwapigia sauti wairudie kwa kuimba huku mbele yao pana mstari. Waholanzi walipotoshwa na mstari ukiwa juu au chini. Wajemi walipotoshwa na mstari ukiwa mnene au mwembamba. Kisha Waholanzi wengine wakazoezwa kwa muda mfupi kusema kwa unene, nao wakaanza kupotoshwa kama Wajemi. Maneno tunayompa mtoto hukaa kwenye sikio lake, mwanangu, usiyatoe ovyo. Kwa udi, anza na nene na nyembamba. Uzi wenyewe unamwonyesha, anaweza kuugusa. Ukishamzoesha, mwambie siku moja kwamba vitabuni na kwenye mtihani watasema juu na chini, na kwamba hao “juu” yao ni yetu nyembamba. Miaka tisa anaelewa.

Nikiwa hapo hapo, nakuomba uchunguze mfano mmoja ambao hukuutaja lakini sijaona mwalimu wa kwaya asiyeutumia: “Imbeni kutoka tumboni.” Sauti haitoki tumboni. Inazaliwa kooni, kwenye nyuzi mbili ndogo zinazotikiswa na hewa ya mapafu. Watoto wakiambiwa tumboni husukuma tumbo mbele, wakakaza shingo, na sauti ikawa ngumu. Hapa lugha wazi inashinda. Mikono kwenye mbavu za chini, vuta hewa bila kuinua mabega, sikia mbavu zikifunguka, toa hewa kwa “sss” ya sawasawa mpaka hesabu ya kumi. Imetosha. Ukiwa na kitu kinachoshikika kwa mkono, kishike. Mfano wa nini?

Mahali ambapo siwezi kuishi bila mifano ni kwenye rangi ya sauti. Muda una mipigo, kidole kina nambari, kimo cha sauti kina nota. Lakini jinsi mwimbaji wa taarab anavyoitia sauti ukakasi kidogo puani kwenye silabi ya mwisho, au fidla inavyolia bila kukwaruza, hapo hata mwenzako wa chuo kikuu atatapatapa, ataishia kusema “tamu zaidi.” Muulize pia ni nani aliyeandika kwenye karatasi za muziki wa Ulaya kwamba hapa papigwe kwa utamu na pale kwa moto. Ni watunzi wenyewe, kwa Kitaliano, juu ya zile zile nota anazoziamini. Usimuulize kwa kumkomoa lakini. Ana haki katika jambo moja zito: ukitoa mfano, lazima uweze kusema kwa maneno makavu ni nini hasa unataka kibadilike. Ni ukubwa wa sauti? Mwendo? Mahali pa kupumua? Irabu ifunguke? Kama hujui wewe, mtoto atajuaje? Kaeni naye siku moja mpitie wimbo wa tamasha, wewe useme mfano, yeye aseme hesabu. Mfano usiopata hesabu yake, uacheni.

Na mingine hutaihitaji kabisa, kwa sababu lugha yetu imeshatengeneza chombo. Mnapotafuta mahali pa kupumua kwenye wimbo wa mizani 16, yaani silabi 16 kila mstari, huna haja ya ndege wala upepo. Mstari una nusu ya kwanza, ukwapi, wa mizani 8 na nusu ya pili, utao, wa mizani 8, na kina cha kati kinamwambia mtoto hapa ndipo. Mnapofunza ngoma ya dumbaki, “dum” na “tak”, majina ya mapigo yake, yanafanya kazi yote. Mtoto akiweza kuyatamka ataweza kuyapiga. Ngoma ya chakacha hali kadhalika, mkalishe asikilize ngoma zake, chapuo na vumi, zinavyojibizana, aigize kwa mdomo, kisha mpe ngoma.

Watoto nao waache walete yao. Bahari ya mzee wako ni ya mtu aliyeona majahazi yakiingia bandari ya zamani kwa upepo wa kaskazi. Hawa wako wanaona feri ya Likoni ikishusha mlango wake polepole hadi ukagusa lami, wanasikia tuktuk ikibadilisha gia kwenye mwinuko, wanajua besi ya matatu inavyotangulia kufika kabla gari halijaonekana. Hiyo ya besi kwangu ni dhahabu: kitu kinachosikika kifuani kabla hakijasikika masikioni. Waimbie mahali pagumu, kisha uulize, “Hii inafanana na nini mnachokijua?” Watasema mambo ya ajabu, na mengine utacheka. Chagua lile ambalo ukiimba kwa kulifuata, kwaya inabadilika. Likichosha, litupe, watachoka nalo haraka. Mkono ukishazoea, hata usilitaje tena.

Wapo watoto ambao hawatakuja upande huo, wakiwemo baadhi ya wenye usonji. Neno kwao ni lile lililosemwa. Kwa hao sema wazi tangu mwanzo na uwaonyeshe, bila kuwafanya wajione wamepungukiwa. Na mifano ya msiba iache. “Imbeni kama mliofiwa” nimeisikia kwenye mazoezi zaidi ya mara moja, na mwalimu hajui ni nyumba gani iliyotoka kuzika mwezi uliopita.

Kuhusu mzazi: usibishane naye kwa simu. Amelipa, ana haki ya kuona. Mwite Jumamosi moja akae kiti cha nyuma. Kabla hajafika, mrekodi mtoto akipiga kipande chake. Mfunze mbele yake jambo moja tu, kwa sauti yako kwanza, kisha mfano, kisha hesabu, na mwisho mrekodi tena. Mpe mzazi simu asikilize zote mbili. Na mtihani wa gredi usiudharau. Una skeli za kukariri na nota za kusoma kwa ghafla, na huko hodi na kipepeo havitamsaidia mtoto asiyejua mahali nota ilipo. Mtengee muda wake kila somo, mzazi auone kwenye daftari.

Tamasha zinakaribia, kwa hiyo fanya hivi. Wiki hii hesabu ya bamvua, na kijana wako mbele. Wiki ijayo ondoa mkono wake, waimbe wakikutazama wewe. Siku yenyewe, mkiwa mmepanga mstari mnasubiri kuitwa, usilete mfano mpya hata ukikujia mzuri vipi. Wakumbushe nani anaanza, wape sauti ya kuanzia kwa kunong’ona, na uwaangalie msichana wa Kitui na kijana wa Mtongwe kama wamefunga viatu; waamuzi wetu huandika hata hilo.

Shangazi